Mtakatifu Monika na Meli Iliyomwacha: Tunaposubiri Wakati wa Mungu



 Leo nataka tukae kidogo na mama mmoja aliyejua kusubiri kuliko wengi wetu. Maana kusubiri kunachosha, tusidanganyane. Umemaliza chuo, umepeleka maombi ya kazi kila mahali, na simu haiiti. Wenzako wa kwaya wanatangaziwa ndoa Jumapili baada ya Jumapili, wewe bado upo benchi lilelile. Au nyumbani kuna kaka aliyeacha kanisa akazama kwenye pombe, na mama kila usiku anashika rozari kwa ajili yake. Umesali novena, ukaimaliza, ukaanza nyingine. Halafu mtu anakuambia kwamba wakati wa Mungu ndio wakati sahihi, nawe unajibu moyoni: sawa, lakini ni lini?

Mtakatifu Monika alilibeba swali hilo karibu miaka 17. Tunamjua kama mama wa Mtakatifu Augustino, mama wa machozi. Lakini kuna usiku mmoja katika maisha yake ambao hatuusimulii sana, na mimi naona ndio unaotuhusu zaidi. Ni usiku aliomwomba Mungu jambo moja kwa moyo wote, na asubuhi akakuta limetokea kinyume kabisa. Tutaufikia. Kwanza tumfahamu mwenyewe.

BINTI WA THAGASTE

Monika alizaliwa karibu mwaka 331 katika mji mdogo wa Thagaste, Afrika ya Kaskazini. Siku hizi mji huo unaitwa Souk Ahras na uko Algeria. Kwa hiyo ni mtakatifu wa bara letu.

Alitoka familia ya Kikristo, lakini usidhani alizaliwa akiwa mtakatifu. Alipokuwa binti mdogo alikuwa akitumwa kuchota divai kwenye pipa, naye akaanza kuonja. Tone likawa funda, funda likawa kikombe. Siku moja aligombana na mtumishi wa kike aliyezoea kwenda naye, na yule akamtupia neno kwamba yeye ni mlevi. Neno lilimchoma, akaacha tabia ile pale pale. Mapema kabisa alijifunza kwamba Mungu anaweza kutumia hata tusi kumrudisha mtu njiani.

Aliolewa na Patricius, diwani wa mji, mtu mwenye moyo mzuri lakini mwenye hasira kali, asiye mwaminifu katika ndoa, na tena hakuwa Mkristo. Mama mkwe naye alijazwa maneno na watumishi wa nyumba, akamwona mkwewe ni mbaya. Monika hakujibu maneno kwa maneno. Mume akiwaka, alinyamaza mpaka hasira ipoe, ndipo akaongea naye kwa utulivu. Hapa nisieleweke vibaya: simwambii dada yeyote avumilie kupigwa. Monika hakupigwa, na hilo liliwashangaza majirani zake waliokuwa na alama za vipigo usoni. Ninachosema ni kwamba hakuacha kusema ukweli, ila alichagua saa ya kuusema.

Ilichukua miaka mingi. Mama mkwe akageuka akawa rafiki yake. Patricius akawa mkatekumeni, akabatizwa, akafariki muda si mrefu baadaye, Augustino akiwa bado kijana. Huko ndiko kusubiri kwake kwa kwanza, na kulizaa matunda. Pengine alifikiri ngumu zimekwisha. Kumbe.

MTOTO MWENYE AKILI NYINGI

Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba 354. Alikuwa na ndugu yake Navigius na dada mmoja. Tangu mtoto alitiwa alama ya msalaba na kuonjeshwa chumvi, kama ilivyokuwa desturi kwa wakatekumeni, lakini ubatizo uliahirishwa. Aliwahi kuugua ghafla akiwa mdogo, akaomba abatizwe, mama akaanza kuandaa haraka. Kabla ya kubatizwa akapona, na ubatizo ukaahirishwa tena. Watu wa wakati ule waliogopa kwamba dhambi za baada ya ubatizo zingekuwa nzito zaidi, hivyo waliona afadhali kungoja. Ubatizo ambao ungefanyika wiki ile ulikuja kufanyika Augustino akiwa na miaka 32.

Alipofika miaka 17 hivi alikwenda kusoma Karthago, mji mkubwa, mji wa anasa. Wewe uliyetoka kijijini ukaenda chuo mjini unajua ninachosema. Huko akaanza kuishi na mwanamke bila ndoa, wakapata mtoto, Adeodatus. Kisha, akiwa na miaka 19, akajiunga na Wamanikei, wafuasi wa Mani wa Uajemi. Hao walifundisha kwamba kuna nguvu mbili zinazopigana, ya mwanga na ya giza, na kwamba dhambi haitoki kwako bali kwa ile giza iliyomo ndani yako. Kwa kijana msomi mwenye mazoea yanayomshinda, mafundisho hayo yalikuwa matamu. Alikaa huko karibu miaka 9, tena akiwavuta na rafiki zake.

Aliporudi Thagaste kufundisha, Monika alifanya jambo linalotushangaza: alikataa kukaa naye nyumba moja na kula naye meza moja. Alimpenda, lakini hakuwa tayari kujifanya kwamba mambo ni sawa.

Ndipo akaota ndoto. Alijiona amesimama juu ya ubao akilia, akaja kijana anayeng'aa akamwuliza analia nini. Akasema anamlilia mwanawe anayepotea. Yule kijana akamwambia aangalie vizuri, kwani mahali alipo yeye na mwanawe yupo. Akageuka, akamwona Augustino amesimama kando yake juu ya ubao uleule. Alipomsimulia, Augustino kwa ujanja wake akadai maana yake ni kwamba mama ndiye atakayemfuata kwa Wamanikei. Monika akamjibu papo hapo: hakuambiwa kwamba yeye atakuwa alipo mwana, bali mwana atakuwa alipo mama. Augustino mwenyewe alikiri baadaye kwamba jibu lile lilimgusa kuliko ndoto yenyewe. Monika akamruhusu kurudi mezani.

Ukisikia ndoto kama hiyo unategemea jibu wiki ijayo, au mwezi ujao. Baada ya ndoto ile ilipita miaka karibu 9 mingine.

Alimwendea pia askofu mmoja aliyewahi kuwa Mmanikei utotoni, akamwomba azungumze na kijana wake. Askofu akakataa. Alisema Augustino bado amelewa mambo mapya, hafundishiki kwa sasa, aachwe, mama aendelee tu kusali. Monika akalia, akasisitiza, mpaka askofu akachoka naye kidogo, akamwambia aende zake, kwamba haiwezekani mtoto wa machozi kama hayo apotee. Monika aliyapokea maneno hayo kama yametoka mbinguni. Hakupata alichoomba, yaani mjadala. Alipata neno la kushika njiani.

USIKU WA BANDARINI

Sasa tumefika mwaka 383. Augustino ana miaka 28, ni mwalimu wa ufasaha wa maneno huko Karthago, na ameamua kuhamia Roma. Monika hataki kabisa. Huku Afrika angalau anamwona. Akivuka bahari, nani atamfuatilia? Akamng'ang'ania mpaka bandarini: ama arudi nyumbani, ama waende wote.

Augustino akamdanganya. Akasema anamsindikiza rafiki tu, anangoja naye mpaka upepo uwe mzuri na meli iondoke. Akamshawishi mama akalale kwenye kanisa dogo la kumbukumbu ya Mtakatifu Sipriani, karibu na pale meli ilipokuwa. Monika akaingia humo, akasali usiku kucha akilia. Ombi lake lilikuwa moja: Mungu asimruhusu mwanawe asafiri.

Usiku uleule upepo ukavuma, matanga yakajaa, meli ikaondoka. Asubuhi Monika akafika ufukweni, akakuta maji matupu.

Hebu simama naye hapo kidogo. Amesali vizuri. Ameomba jambo jema. Amesalia karibu na kumbukumbu ya shahidi mtakatifu. Na Mungu, kama tunavyoona mambo sisi, hajasikia. Tena mwanawe mwenyewe amemdanganya na kumwacha kama mzigo. Augustino anasema mama yake alichanganyikiwa kwa uchungu, akamlalamikia Mungu. Mtakatifu alilalamika! Kwa hiyo na wewe ukilia mbele ya Tabernakulo ukimwuliza Mungu kwa nini, hujaanguka kwenye imani. Mradi unamlalamikia yeye, bado unaongea naye.

Kitu ambacho Monika hakukiona asubuhi ile ni hiki: meli ile ndiyo ilikuwa inampeleka Augustino kwenye ubatizo. Kutoka Roma, mwaka 384, alipata kazi ya kufundisha Milano. Na Milano kulikuwa na askofu anaitwa Ambrosi. Augustino alikwenda kumsikiliza kwa sababu tu alisifika kwa kuongea. Akaenda kwa ajili ya maneno, maana ikaanza kuingia polepole. Kama Mungu angelijibu ombi la usiku ule kwa namna Monika alivyotaka, Augustino angebaki Karthago.

Augustino aliliangalia jambo hili miaka mingi baadaye alipoandika kitabu chake cha Maungamo, akalieleza hivi kwa maana yake: Mungu hakumpa mama alichoomba usiku ule, ili ampe alichokuwa akiomba siku zote. Ombi la usiku ule lilikuwa ni njia tu ambayo Monika aliichora mwenyewe. Ombi la siku zote lilikuwa wokovu wa mwanawe. Mungu alikataa njia, akalishika ombi.

MAMA ANAVUKA BAHARI

Monika alirudi nyumbani akaendelea kusali. Lakini hakuishia hapo. Mwaka 385 naye alipanda meli, mjane wa zaidi ya miaka 50, akavuka bahari kumfuata. Njiani dhoruba ikapiga. Kwa kawaida mabaharia ndio huwatuliza abiria, safari hii abiria mama ndiye aliyewatuliza mabaharia, akiwahakikishia kwamba watafika.

Alipofika Milano, Augustino akampa habari: ameachana na Wamanikei, ingawa bado hajawa Mkatoliki. Ungetegemea mama aruke kwa furaha. Hakuruka. Alimwambia kwa utulivu kwamba anaamini katika Kristo kuwa kabla hajaondoka duniani atamwona ni Mkatoliki kamili. Kisha akarudi kwenye sala zake na kuongeza bidii. Mwaka 386, malikia Justina alipotaka kulichukua kanisa la Milano kwa ajili ya Waario, Monika alikuwa miongoni mwa waamini waliokesha humo ndani pamoja na askofu wao.

Hata hapo, lakini, Monika alikuwa bado na ratiba yake mfukoni. Alitaka Augustino aoe vizuri kwanza, kisha abatizwe. Alichangia kumtafutia mchumba wa familia nzuri, binti ambaye hata umri wa kuolewa kisheria alikuwa hajafikia, ikabidi wasubiri miaka 2. Yule mwanamke aliyeishi na Augustino miaka mingi akarudishwa Afrika, akamwacha mtoto wake nyuma. Sehemu hii inauma kuisoma, na sitaipamba. Hata watakatifu mipango yao imewahi kuwaumiza wengine. Monika alimwomba Mungu amwonyeshe jambo fulani kuhusu ndoa hiyo, wala hakuonyeshwa kitu cha kuaminika. Aliota vitu, lakini yeye mwenyewe alikiri havikuwa na ladha ya vile vinavyotoka kwa Mungu. Hakulazimisha kuviita unabii. Vijana wangapi leo tunaota tukitakacho, halafu tunasema Roho Mtakatifu amesema?

Agosti 386 Augustino alikuwa bustanini, analia, anapigana na nafsi yake. Akasikia sauti ya mtoto kutoka nyumba ya jirani ikirudia rudia kwamba achukue asome. Akafungua barua za Mtume Paulo, akasoma mistari michache ya Waraka kwa Waroma, na vita ikaisha. Mtu wa kwanza kumpelekea habari, baada ya rafiki yake Alypius aliyekuwa naye pale, alikuwa mama. Akamwambia zaidi ya alichotegemea: anaacha hata mpango wa kuoa, anajitoa kabisa kwa Mungu. Monika aliyeomba mwana mwenye ndoa njema na wajukuu akajikuta anafurahia kitu ambacho hakukiweka kwenye novena yake yoyote.

Katika kesha la Pasaka, usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Aprili 387, Ambrosi alimbatiza Augustino pamoja na mwanawe Adeodatus na Alypius.

BANDARI NYINGINE

Mwaka huohuo walianza safari ya kurudi Afrika. Wakafika Ostia, bandari ya Roma, wakawa wanangoja meli. Angalia: miaka 4 kabla, bandarini Karthago, mwana alimkimbia mama usiku. Sasa mama na mwana wako bandarini pamoja, wanangoja meli ileile moja.

Siku moja waliegemea dirisha linalotazama bustani, wakaongea juu ya uzima wa milele mpaka ikawa kama wameugusa kwa sekunde moja. Monika akamwambia hajui anafanya nini tena duniani, kwa kuwa jambo moja lililomfanya atamani kuishi amekwisha kuliona.

Siku chache baadaye akashikwa na homa. Zamani alitaka sana azikwe Thagaste kando ya mume wake, hata kaburi alikwisha kuliandaa. Sasa aliachia hata hilo. Aliwaambia wanawe wamzike popote, ila wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Siku ya 9 ya ugonjwa alifariki, akiwa katika mwaka wa 56 wa maisha yake. Augustino alikuwa na miaka 32.

Hakumwona mwanawe akipewa upadre mwaka 391. Hakumwona akiwa askofu wa Hippo, wala Mwalimu wa Kanisa. Alichoonyeshwa ni kile alichoomba tu, na kilimtosha. Leo mabaki yake yako Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Augustino. Kanisa linamkumbuka tarehe 27 Agosti, na kesho yake, tarehe 28, linamkumbuka mwanawe.

TUBEBE NINI?

Kwanza, sikuahidi kwamba ukisali miaka 17 utapata kazi, mchumba au uponyaji. Sala si mkopo wenye tarehe ya kulipwa. Wapo waliosali wakafariki kabla ya kuona. Ninachokuomba leo ni kutenganisha mambo mawili: ombi lako, na njia uliyomchorea Mungu. Chukua karatasi, andika kile unachosubiri. Chini yake andika kile unachokitaka kweli nyuma yake. Pengine umeandika kazi ya ofisi fulani, kumbe unachotaka ni kuitunza familia kwa heshima. Pengine umeandika jina la mtu, kumbe unachotaka ni kupendwa kwa uaminifu. Hilo la chini ndilo ulishike kwa nguvu. Hilo la juu lishike kwa mkono uliofunguka.

Pili, Monika hakusubiri amekaa. Alisali, alikwenda Misa, aliomba ushauri, alisema ukweli, alipanda meli. Kumtumaini Mungu hakukuzuii kupeleka barua nyingine ya maombi ya kazi kesho asubuhi.

Tatu, na hili nimeliacha mwisho makusudi. Pengine katika simulizi hii wewe si Monika. Pengine wewe ndiye uliye kwenye meli. Kuna mama kijijini, au bibi, au dada, anayetaja jina lako kila siku kwenye rozari, na wewe simu yake huipokei kwa sababu unajua atakuuliza kama ulikwenda kanisani. Yeye ndiye anayesubiri, na anayesubiriwa ni wewe. Kuna wakati wa Mungu ambao hauchelewi mbinguni, unachelewa kwetu. Mpigie leo.

Tusali: Ee Mungu, wewe uliyeyapokea machozi ya Monika, pokea na ya kwetu. Utunyime njia zetu pale zinapotupeleka mbali nawe, na utupe moyo wa kuendelea kuomba ufukweni, meli ikiwa imekwisha kuondoka. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Monika, utuombee.
Mtakatifu Augustino, utuombee.